Mzee Akikonda, Tuulize na Kongosho

Mzee anakula vizuri ila anazidi kukonda. Nyumbani husemwa ni uzee, na mara nyingi hapo ndipo shauri hufungwa. Mimi naomba lisifungwe mapema hivyo.

Kongosho, kiungo cha kama sentimita 15 kilichojilaza nyuma ya tumbo la chakula, wengi hukijua kwa insulini na kisukari. Lakini kila siku hutoa pia zaidi ya lita moja ya maji yenye vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga. Umri ukisonga husinyaa na kuingiwa na mafuta. Wengi hubaki na akiba ya kutosha. Aliyevuta sigara au kunywa pombe miaka mingi, au mwenye kisukari, yuko karibu zaidi na kupungukiwa na vimeng'enya hivyo, akawa anakula bila mwili kufaidi chakula.

Upungufu huo huwafikia hata bakteria wa utumboni. Chakula kisichosagwa kikishuka, baadhi yao hushiba na kuongezeka, wengine hupungua. Mwaka 2019 watafiti wa Greifswald, Ujerumani, walichapisha vipimo vya watu 1,795 wasio na historia ya ugonjwa wa kongosho. Walipima kwenye haja kubwa elastasi, kimeng'enya cha kongosho, wakatazama na bakteria waliomo. Elastasi ilihusiana zaidi na tofauti za bakteria kuliko umri, jinsia, unene, sigara, pombe au chakula. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kipi kilisababisha kipi, ila kabla ya kumnunulia mzee dawa za "bakteria wazuri", ni haki yake kongosho liangaliwe.

Vitabu husema choo chenye mafuta yasiyosagwa huelea. Kwenye choo cha shimo nani ataona? Muulizeni mzee, kwa heshima na faragha, kama haja yake kubwa inanuka kuliko zamani, inanata, au tumbo hujaa gesi baada ya vyakula vya nazi. Kisha mpelekeni hospitali, kwa kuwa kukonda kunaweza pia kuwa kifua kikuu au saratani.

Elastasi ikiwa chini ya mikrogramu 200 kwa gramu ya choo, daktari hushuku upungufu. Msimwondolee mzee mafuta yote kwa kukisia. Atazidi kukonda na kukosa vitamini A, D, E na K. Vidonge vya vimeng'enya, akiandikiwa, humezwa wakati wa kula. Akivimeza saa moja baadaye, sehemu ya chakula imeshapita.