Je, wajua kwa nini mwanzilishi mwenye zaidi ya nusu ya hisa anaweza kuambulia patupu kampuni ikiuzwa?

Waanzilishi wawili wanapokea wawekezaji mara mbili, kisha wanaiuza kampuni kwa milioni 20. Daftari la hisa linasema wao wana asilimia 56.25. Wanachopata ni sifuri. Hakuna aliyeibiwa, wamelipwa kama ulivyosema mkataba waliousaini wenyewe.

Chanzo ni kwamba hisa hazilingani haki. Waanzilishi na wafanyakazi kwa kawaida hushika hisa za kawaida, na wawekezaji wa mitaji hushika hisa za upendeleo. Mwenye hisa za upendeleo hurudishiwa mtaji wake kwanza, ndipo wengine wagawane kinachobaki. Wengi hudhani haki hiyo huamka kampuni inapofilisika tu. Sivyo: kwa kawaida mkataba huhesabu hata kuuzwa kwa kampuni kuwa tukio la kugawana mali.

Kinga hii ya kurudishiwa mtaji kwanza ni ya haki, na ni vizuri kuielewa kabla ya kuilaumu. Tuseme mwekezaji ameingiza milioni 5 akapewa robo ya hisa, na kesho yake waanzilishi wakaamua kufunga kampuni na kugawana zilizomo benki. Bila kinga, wao wangeondoka na milioni 3.75 na yeye milioni 1.25, ilhali fedha zote zilikuwa zake. Ugomvi basi si juu ya kuwepo kwa kinga, ni juu ya ukubwa wake.

Tufuate hesabu. Duru ya kwanza ya uwekezaji: kampuni inathaminiwa milioni 15, mwekezaji A anatia 5, thamani inakuwa 20, naye anapata asilimia 25. Duru ya pili: thamani ni milioni 45, mwekezaji B anatia 15, jumla inakuwa 60, naye anapata asilimia 25. Hisa za A zinapungua uzito hadi asilimia 18.75, za waanzilishi hadi 56.25. Mtaji unaotangulia sasa ni 5 na 15, yaani milioni 20. Ndiyo maana kuuza kwa 20 hakuwaachii waanzilishi kitu.

Wakiuza kwa 24 wanapata milioni 4, chini kidogo ya asilimia 17 ya bei. Ni kuanzia bei ya milioni 60 ndipo kila mmoja hulipwa kulingana na asilimia yake, kwa sababu hapo robo ya B nayo ni milioni 15 na hapotezi kitu akigeuza hisa zake kuwa za kawaida. Chini ya hapo B huchagua kurudishiwa mtaji.

Na huo ndio mkataba wa kiungwana: kinga ya mara moja, yaani ya kiasi kile kile alichotia, ambapo mwekezaji huchagua mtaji wake au mgao wake, si vyote viwili. Mkataba mwingine humruhusu kula mara mbili, yaani arudishiwe mtaji kisha agawane na wengine kilichobaki. A na B wakiwa na haki hiyo, zile milioni 4 za waanzilishi hushuka hadi 2.25. Na kama B ana kinga ya mara mbili, yaani ya kurudishiwa maradufu ya alichotia, na anatangulia wote, anadai milioni 30. Bei ya 24 inaishia kwake yote, na hata A hapati kitu. Tusisahau kwamba mikopo hulipwa kabla ya hisa zozote.

Mahali pengine panapoumiza ni akiba ya hisa za wafanyakazi. Mwekezaji A akitaka asilimia 10 ya kampuni iwekwe akiba kabla hajaingia, waanzilishi hubaki na 65 badala ya 75. Thamani iliyoandikwa ni milioni 15, lakini yao halisi ni 13, yaani asilimia 65 ya 20. Anayejisifia thamani kubwa bila kuuliza habari ya akiba hajui ameuza kwa bei gani.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, tengeneza jedwali. Safu wima ziwe bei za kuuzia: 10, 20, 40, 60, 100. Mistari iwe kila mwenye haki, kwa mpangilio wa kulipwa, ukianza na wakopeshaji. Jaza kila kisanduku. Kazi hiyo haichukui hata siku moja, na mara nyingi huonyesha kwamba thamani ndogo yenye kinga ya mara moja ni bora kuliko thamani kubwa yenye kinga ya mara mbili.

Punguza pia kiasi unachochukua. Kila milioni ya hisa za upendeleo hupandisha bei ya chini ambayo waanzilishi wanaanza kupata chochote. Malipo ya awali ya wateja hayali hisa kabisa. Mashine zinaweza kununuliwa kwa mkopo wenye dhamana ya mashine zenyewe, mradi mapato ya kila mwezi yanatosha marejesho. Mtaji wa hisa uachiwe kazi ambazo hakuna benki ingezikopesha, kama kutengeneza bidhaa ambayo bado haijapata mnunuzi.

Ubishi mkali zaidi uwe katika duru ya kwanza. Mwekezaji wa pili huanza kwa kusoma alichopewa wa kwanza, na ni nadra akubali pungufu ya hapo.