Stata Inapokokota: Usiilaumu Betri Kabla Hujapima Waya

Gari dogo la petroli, la gia za mkono, lilifika gerejini kwangu hapa Tanga likiwa na betri ya pili ndani ya miezi minne na stata (mota inayozungusha injini ili iwake) iliyokwisha kufunguliwa na kuwekwa kaboni mpya, na bado kila asubuhi lilikokota injini kwa unyonge, mizunguko miwili mitatu, kisha likanyamaza. Mwenye gari, mwalimu wa sekondari, alikuwa amekata tamaa, lakini aliniambia neno moja lililonipunguzia nusu ya kazi: "Fundi, vijana wakilisukuma hatua tano tu, linawaka."

Gari linalowaka kwa kusukumwa lina mafuta, lina cheche na lina kompresheni (mgandamizo ndani ya injini) ya kutosha. Ugonjwa wake umo katika njia ya umeme mzito unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata na kurudi. Ndiyo maana kwa kila mteja huanza kwa kuuliza kama stata inashindwa kuzungusha injini, au inaizungusha vizuri lakini injini haiwaki. Hilo la pili, pamoja na pampu ya mafuta, plagi na sensa zake, lina mada yake na sitaligusa leo.

Sikio husaidia mwanzoni. Mlio wa tik-tik-tik wa haraka hutokea pale solenoidi, swichi ya sumaku inayoipa stata umeme, inapovuta, stata ikadai umeme mwingi, volti zikaporomoka, solenoidi ikaachia, volti zikapanda tena na mzunguko huo ukaanza upya. Mara nyingi hiyo ni betri iliyoishiwa au klempu (kishikio cha waya kwenye betri) iliyolegea. Mlio mmoja wa "tak!" usiofuatwa na kitu hunipeleka kwenye stata yenyewe, na kimya kabisa hunipeleka kwenye swichi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) au, kwa gari la otomatiki, swichi ya gia inayozuia stata kupiga isipokuwa katika P (kuegesha) au N (gia huru). Lakini mkokoto wa gari la mwalimu haubainiki kwa sikio, kwa sababu betri iliyochoka, stata iliyolika bushi (pete zinazoshika mhimili wake) na waya ulioharibika vyote hulia namna ileile. Hapo ni mita tu itakayosema.

Niliichaji betri usiku kucha, nikaiacha itulie, nikapima volti 12.6, yaani imejaa. Kisha nikatoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, gia nikaiweka huru, breki ya mkono nikaivuta, na msaidizi wangu akapiga stata kwa sekunde tano huku ncha za mita zikiwa juu ya vichwa vyenyewe vya risasi vya betri, si juu ya klempu. Betri ilishuka hadi 11.4 tu. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata huwa naishuku, lakini hii ilikuwa imesimama imara kupita kiasi, na uimara huo ndio ulionishtua, kwa kuwa maana yake ni kwamba stata haikupewa nafasi ya kuvuta umeme wake. Nikahamishia ncha kwenye bolti kubwa ya stata na kwenye mwili wake: 8.1. Volti 3.3 zilikuwa zimepotelea njiani.

Kuzitafuta si kazi ngumu. Unaweka ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye bolti ya stata, unapiga stata, unasoma. Mimi nilipata 0.3, hakuna tatizo. Unarudia upande wa hasi, kutoka kichwa hasi cha betri hadi mwili wa stata, nikapata 3.0, wakati kwa gari lisilo na hitilafu sitarajii kuona zaidi ya 0.5.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa kupima waya wa upande huo kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani, gari likiwa limezimwa. Mita ya kawaida hupitisha umeme kidogo mno, na waya uliobakiza nyuzi chache tu utaonekana mzima. Stata ya injini ndogo inaweza kudai ampia 150, na kwa kiasi hicho ukinzani wa omu 0.02, ambao mita ya mkononi haiwezi kuuonyesha kwa uhakika, unameza volti 3.

Mkosaji alikuwa waya wa athi, yaani wa kurudisha umeme kwenye betri, ule wa kusuka unaounganisha giaboksi na bodi. Ulikuwa umefichwa na matope na mafuta, na nilipoukunja ulitoa unga wa kijani, kwani chumvi ya upepo wa pwani huila shaba kimyakimya. Kulikuwa na ushahidi mwingine niliouona baadaye: waya wa eksileta ulikuwa na joto, na plastiki yake imelainika karibu na injini. Umeme uliokosa njia yake ulikuwa ukirudi kwenye betri kupitia huko.

Nilifunga waya mpya mnene, nikasugua kwa msasa mahali pa bolti hadi chuma kikang'aa, nikakaza, kisha nikapaka grisi kwa juu. Kipimo cha hasi kilishuka hadi 0.2 na injini ikazunguka kwa nguvu. Nilirudisha fyuzi, nikawasha na kupima chaji kwenye betri: 14.2, wakati mwalimu alipolileta ilikuwa 13.1. Mwili wa alterneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, umefungwa kwenye injini, kwa hiyo chaji nayo ilikuwa ikipita katika waya huohuo mbovu, na betri hazikuwa zikijaa. Mwalimu alipoona tarakimu hizo aliuliza kuhusu betri ya kwanza, ile aliyomwachia muuzaji kama chakavu, na ilinibidi nimwambie kwamba huenda ilihitaji kuchajiwa tu.