Ukuta Usio na Dafu

“Yaani mwalipa pesa mkwee ukuta usio hata dafu moja?”

Ndivyo alivyoniuliza ami yangu wa Mtambwe niliporudi Pemba na picha za Nairobi kwenye simu. Ami ni mkwezi, na msimu wa karafuu ukifika ni mchumaji. Mimi ni fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wanaoletwa kwangu ni wale waliovunjika, mfupa ukaunga lakini kiungo kikabaki kigumu, na wengi wao wameanguka mtini. Kwa hiyo niliposikia kuna ukumbi wenye kuta za vishikio vya kushika na kukanyaga, ambao watu hutoa kiingilio ili wapande na kuanguka kwa furaha zao, nilitaka nikauone kwa macho yangu. Nilikuwa Nairobi kwa mafunzo ya wiki mbili, na Jumamosi moja mwenzangu wa darasa, mpandaji wa siku nyingi, akanichukua.

Najua dada zangu watauliza nguo, basi nianze hapo. Nilivaa suruali pana ya mazoezi, shati refu lisilofika magotini, na ushungi wa kuvuta ambao ncha zake nilizichomeka ndani ya shati. Mtandio wa kuning'inia hapana: siku wewe ndiye unayemshikia mwenzako kamba, unaweza kunaswa kwenye kifaa cha breki kinachoizuia kamba. Pete zivue zote, hata ya ndoa. Pete ikinasa kwenye kishikio huku mwili unakwenda chini, huchuna ngozi ya kidole kizima. Hina haina neno.

Viatu hukodishwa pale pale. Soli yake ni ya mpira unaong'ang'ania, na hubana mpaka vidole vikunjike kidogo. Mimi nilichagua saizi ya raha, nikajuta, maana kiatu kikilegea mguu huzunguka ndani yake, nawe umeambiwa usimame juu ya kitu kisichozidi kokwa ya embe. Ule unga mweupe wanaojipaka viganjani ni magnesi kaboneti, wa kukaushia jasho. Chaki ya skuli haifai.

Kuta ziko za aina mbili. Ile fupi, mita nne na ushei, haina kamba. Chini pametandikwa magodoro mazito ukuta mzima. Ile ndefu ina kamba iliyopitishwa juu. Ncha moja hufungwa kwa fundo lenye umbo la namba nane kwenye mkanda wako unaoshika kiuno na mapaja, na upande wa pili uko kwa mwenzako aliyesimama chini. Kabla hujainua mguu, mnakaguana: yeye anatazama fundo na bizimu zako, wewe unatazama breki yake na karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, kama imefungwa sawasawa. Mnafanya hivyo kila mara, hata mkiwa mmepanda pamoja miaka kumi. Nilisimama pale nikawakumbuka wagonjwa wangu. Mkarafuuni nani humkagua mwenzake? Mti wenyewe una matawi ya kukatika kwa urahisi, na mvua ikinyesha gome linateleza, lakini mtu hupanda peke yake na pakacha lake, na wa kwanza kujua kuwa tawi lilikuwa bovu ni yeye.

Vishikio vina rangi. Fuata rangi moja toka chini hadi juu. Maana ya kila rangi waulize mapokezi, kila ukumbi una mpango wake. Uanze na njia rahisi kuliko zote, hata kama kuna mtoto wa miaka saba anakupita.

Sasa mikono, na hapa mnivumilie kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nguvu ya kukunja vidole haitoki vidoleni. Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, kisha funga ngumi: utaisikia misuli inajikusanya pale. Kutoka kwenye misuli hiyo kano huenda mpaka ncha za vidole, zikipita chini ya vipete vigumu vinavyozilaza kwenye mfupa, kama mshipi unavyopita ndani ya vitanzi vya suruali. Mgeni hushika kila kishikio kana kwamba kinataka kumkimbia. Misuli ya kigasha ikikazwa hivyo huibana mishipa yake yenyewe, damu haipiti vizuri, mkono unajaa na kuwa kama gogo, na vidole vinaanza kufunguka bila idhini yako. Mimi yalinikuta nikiwa mita sita juu.

Kuna jambo la hatari zaidi ya hilo. Misuli huongeza nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano na vile vipete huchukua miezi. Kwa hiyo mwezi wa pili unajiona simba, na ndipo kipete cha kidole cha pete kinapokatika, wakati mwingine kwa mlio unaosikika. Mara mbili kwa wiki inamtosha anayeanza, na siku za kupumzika katikati. Vile vishikio vyembamba vya ncha za vidole waachie wenyeji.

Dawa ya mkono uliojaa iko miguuni. Kila nilipojivuta kwa mikono, mwenzangu alinipigia kelele kutoka chini: “Simama! Simama kwa mguu!” Mikono ikae imenyooka, uzito ubebwe na mifupa, na paja, lenye misuli iliyo miongoni mwa mikubwa kabisa mwilini, lifanye kazi ya kupandisha. Nilimwonyesha ami video ya Olimpiki ya Paris 2024, Mmarekani Sam Watson akipanda ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.74. Nilidhani atashangaa kasi. Akarudisha nyuma mara mbili, akasema, “Mtoto huyu asukuma, havuti.” Mie nimelipa kiingilio kufundishwa maneno hayo.

Kushuka ndiko kulikonitoa jasho. Nimefika juu, naambiwa nikae kwenye mkanda, niachie mikono, niegemee nyuma, miguu ukutani. Akili ilielewa, vidole vilikataa. Nilikumbatia kishikio cha mwisho dakika nzima huku watoto wananitazama. Nilipoachia, kamba ikanyumbuka kidogo, ikanipokea.

Kwenye ukuta mfupi nilifundishwa kuanguka kabla sijafundishwa kupanda. Ukiweza, shuka kwa vishikio. Usipoweza, tua kwa miguu miwili, magoti yamelegea, jiachie uketi na kubiringika kwa mgongo, mikono umeikunja kifuani. Usiutangulize mkono nyuma kujizuia. Huo mkono wa nyuma naujua vizuri. Nusu ya viwiko na viganja ninavyovinyoosha kliniki vilivunjika hivyo. Sidanganyi mtu, toka kilele cha mnazi hakuna mtindo wa kutua unaookoa. Lakini wagonjwa wangu wengi walianguka toka matawi ya chini, wakati wa kushuka, wamechoka, urefu wa dari la nyumba tu.

Nilimweleza ami haya yote uani kwake. Akakataa katakata. “Mie nikijifunza kuanguka, n'taanguka.” Mjukuu wake hakusubiri ruhusa, alitoa godoro la sufi, akapanda kwenye ukuta wa kisima, akajirusha. Mara ya kwanza akatanguliza mkono nyuma, kama nilivyotarajia. Ami alikuwa amegeuka upande wa pili, ati anasokota kamba yake ya makumbi.

“Mikono kifuani, we!” akasema bila kuinua uso. “Haya, rudia.”