Vumbi la makaa ya mawe na mtoto wa kilo 15

Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi ilifutwa na jopo la kitaifa la mazingira Juni 2019, na hapa Lamu wengi wakalisahau jambo lenyewe. Wazazi hawajalisahau. Swali lao ni lilelile: "Daktari, hayo makaa yana sumu gani, na mbona kila mara mwasema watoto kwanza?"

Makaa ya mawe ni mimea ya kale iliyozikwa, na ndani yake mna metali: risasi, aseniki, zebaki, kadimiamu na kromiamu, kidogo kidogo, kwa viwango vinavyotofautiana tabaka kwa tabaka. Yakilala chini ya ardhi hayamdhuru mtu. Yakichimbwa, vumbi hupeperuka hadi majumbani, na mvua hupenya kwenye vifusi vyenye salfa na chuma, ikatoka na tindikali inayoyeyusha metali hizo na kuzipeleka mitoni na visimani. Yakichomwa, nyingi hubaki kwenye majivu. Zebaki hupanda na moshi.

Watu huogopa moshi. Mimi kwa mtoto mdogo naogopa zaidi vidole. Tunapokadiria hatari huchukuliwa kwamba mtoto humeza miligramu 200 za udongo na vumbi kwa siku, na mtu mzima 100. Gawanya kwa uzito wa mtoto wa kilo 15, kisha kwa uzito wa baba yake wa kilo 70: mtoto anapata miligramu 13 kwa kila kilo ya mwili, baba hafikishi hata moja na nusu. Ni mara tisa, kwa uwanja uleule. Na hapo hatujafika tumboni, ambako mtoto hufyonza karibu nusu ya risasi aliyoimeza, ilhali mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi.

Kiasi cha kila metali kinachomfikia mtoto kwa kila kilo ya mwili hugawanywa kwa dozi inayoaminika kutodhuru. Jibu likizidi moja, magazeti hupiga kelele kana kwamba watoto wameshaugua. Sivyo: maana yake ni kwamba wakati umefika wa kupima maji, udongo na damu. Risasi siiingizi kabisa katika hesabu hiyo, kwa sababu haina dozi inayojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka chanzo kitafutwe damu ya mtoto ikifika maikrogramu 5 kwa desilita, lakini ubongo unaokua huweza kuathirika hata chini ya hapo. Risasi hujifanya kalisi (kalsiamu), ikajificha mifupani kwa miaka mingi. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma huifyonza zaidi, na pwani yetu, kwa malaria na minyoo, watoto wa namna hiyo si wachache. Dagaa na maharagwe husaidia, ila hayafuti vumbi.

Aseniki ina njia zake. Katika jimbo la Guizhou, China, familia zilikuwa zikikausha pilipili ndani ya nyumba juu ya moto wa makaa ya mawe yenye aseniki nyingi mno. Ikagandia kwenye pilipili, na watu wasiopungua 3,000 wakadhurika, ngozi za viganja na nyayo zikawa ngumu zenye vinundu. Jikoni kulitosha, hawakuhitaji kuishi mlangoni pa mgodi.

Huku kwetu ningetazama kwanza majabia, yaani matangi ya maji ya mvua, maana kinachotua juu ya sakafu ya kukingia mvua huishia kwenye maji ya kunywa. Kisha matope ya mikoko: bakteria humo hugeuza zebaki kuwa aina inayojilimbikiza kwa samaki, na papa na nguru hubeba nyingi kuliko tasi. Mama mjamzito akila samaki hao, zebaki humfikia mtoto kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo popote mgodi au mtambo unapotajwa, iwe huku au bonde la Mui kule Kitui, wazazi wadai vipimo vya damu ya watoto, visima na udongo kabla lori la kwanza halijaingia. Bila vipimo hivyo, kampuni itasema metali zilikuwapo tangu zamani, na hakutakuwa na wa kuipinga. Damu ikichukuliwa kidoleni, mtoto anawishwe kwa sabuni kwanza, kwani vumbi la ngozi hupandisha jibu; likija juu, lithibitishwe kwa damu ya mshipa.