Je, Wajua kwa Nini Karatasi ya Picha Huvumilia Taa Nyekundu, Ilhali Filamu Husafishwa Gizani?

Yeyote aliyewahi kukiona chumba cha giza cha mpiga picha, ama kwa macho yake ama katika sinema, huikumbuka taa nyekundu inayomulika juu ya beseni za dawa. Wengi hawajui kwamba taa hiyo huzimwa wakati filamu yenyewe inapotolewa ndani ya kasha lake, kwa sababu hata mwanga wake hafifu ungetosha kuiharibu, hivyo kazi yote hufanywa kwa kupapasa katika giza totoro. Filamu ya picha nyeusi na nyeupe na karatasi ya kuchapia picha hizo hutegemea chumvi za madini yaleyale ya fedha, tena husafishwa kwa dawa za jamii moja. Kwa nini basi moja iogope taa ambayo nyingine haiijali?

Jibu limo ndani ya utando mwembamba wa jelatini unaopakwa juu ya filamu na juu ya karatasi. Utando huo umejaa fuwele ndogo mno za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha. Nuru inapoipiga fuwele, elektroni huachiliwa, nayo huikuta ioni ya fedha na kuigeuza kuwa atomu ya fedha halisi. Atomu moja peke yake haidumu, lakini zikikusanyika takriban nne mahali pamoja, fuwele hiyo huwa imekwisha kutiwa alama isiyofutika kwa urahisi. Picha yote huwa tayari imo humo, ingawa hakuna jicho linaloweza kuiona, na ni Mwingereza William Henry Fox Talbot aliyegundua mwaka 1840 kwamba picha ya namna hiyo, iliyofichika kwenye karatasi yake, huweza kudhihirishwa kwa kemikali. Dawa ya kusafishia, ambayo mara nyingi huwa na metoli na hidrokwinoni, huanza kufanya kazi palepale penye zile atomu chache na kuigeuza fuwele nzima kuwa fedha nyeusi, hata badiliko dogo lililoletwa na nuru likakuzwa mara mamilioni mengi. Ukuzaji huo ndio unaoiwezesha kamera kupiga picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ndio huohuo unaolazimisha giza, kwa kuwa dawa haiwezi kutofautisha nuru iliyopita kwenye lenzi na nuru iliyopenya chini ya mlango.

Hata hivyo, si kila nuru ina uwezo wa kuiachilia elektroni. Nuru ya urujuani na ya buluu hubeba nishati kubwa kuliko ya kijani, na nyekundu ndiyo yenye nishati ndogo kuliko zote tunazoziona. Bromidi ya fedha ikiwa peke yake huathiriwa na buluu, urujuani na miali isiyoonekana iliyo ng'ambo ya urujuani, lakini nyekundu huipitia bila kuacha athari yoyote ya maana. Tofauti hiyo ilionekana mapema: mwaka 1777 mkemia Carl Wilhelm Scheele alieleza kwamba kloridi ya fedha huwa nyeusi upesi zaidi ikiwekwa kwenye nuru ya urujuani kuliko kwenye rangi nyingine. Kwa hiyo, wapiga picha wa karne ya 19 waliweza kuzitazama sahani zao, yaani vioo vilivyopakwa utando kama huo na kutumika badala ya filamu, zikisafika chini ya taa nyekundu. Gharama yake ilionekana kwenye picha zenyewe, kwani midomo na mavazi mekundu yalitoka meusi, nalo anga la buluu likatoka jeupe tupu, mawingu yake yakiwa yamemezwa.

Mageuzi yalianzia Berlin mwaka 1873. Hermann Wilhelm Vogel, mtaalamu wa kemia ya picha, alikuwa akichunguza sahani zilizotiwa rangi ya kemikali kwa lengo tofauti kabisa, yaani kuzuia nuru isiakisiwe ndani ya kioo. Aliona kwamba sahani hizo ziliihisi nuru ya kijani kuliko alivyotarajia, akang'amua kuwa chanzo ni ile rangi iliyoongezwa. Leo tunafahamu kwamba molekuli za rangi zinazoshikamana na fuwele huipokea nuru ambayo bromidi ya fedha isingeinasa, kisha huisukumia fuwele elektroni. Mapema katika karne ya 20, sahani zinazohisi rangi zote, nyekundu ikiwamo, zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni.

Filamu nyingi za leo za picha nyeusi na nyeupe ni za aina hiyo, na ndiyo maana hakuna taa ya kawaida ya chumba cha giza iliyo salama kwake. Fundi huivingirisha filamu kwenye kigurudumu chake gizani, huitia ndani ya tangi lisilopenyeza mwanga, na akishafunga kifuniko anaweza kuwasha taa yoyote, kwa kuwa dawa humiminwa na kumwagwa kupitia mdomo uliotengenezwa ili uzuie nuru. Kwa kuwa haoni kinachotokea humo ndani, hana budi kutegemea kipimajoto na saa. Dawa nyingi hupimiwa muda wake kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi, na joto likipanda kidogo tu, muda hupunguzwa. Baada ya hapo hufuata asidi hafifu ya kusimamisha kazi ya dawa, kisha fiksa, ambayo huziyeyusha fuwele zote ambazo hazikugeuka kuwa fedha. Fiksa ikishamaliza kazi yake, filamu haina tena kitu cha kuogopa mwangani.

Karatasi ina shughuli nyepesi zaidi. Haitazami ulimwengu wenye rangi, bali inanakili negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, iliyo na kivuli cha kijivu kilichokolea au kilichofifia, na kijivu hicho husomeka sawasawa kwa nuru ya buluu peke yake. Rangi za kuihisisha karatasi kwa nyekundu zisingeongeza chochote katika picha, hivyo watengenezaji huziacha kwa makusudi. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi wa kiufundi uliomfaa fundi wa picha kuliko huo. Kwa sababu yake, anaweza kuweka karatasi mahali pake chini ya mashine ya kukuzia, ile inayomulika negativu ili picha yake iangukie karatasi, bila kubahatisha, akaona picha inavyochomoza kwenye dawa, akagundua mapema kwamba muda wa mwanga ulikuwa mfupi. Anaweza pia kuukinga uso wa mtu aliye pichani kwa kiganja chake ili usiwe mweusi mno, au kuliongezea anga sekunde kadhaa za mwanga.

Kuna karatasi ambazo ukali wa weusi na weupe wake hubadilishwa kwa vichujio vya rangi. Hizo zina sehemu zinazohisi buluu na nyingine zinazohisi kijani pia, kwa hiyo taa ya kijani au ya manjano ya kawaida ingeziharibu. Huhitaji taa ya rangi ya kaharabu iliyoiva au nyekundu. Karatasi ya picha za rangi, kwa upande wake, huhisi buluu, kijani na nyekundu, nayo hurudishwa kwenye giza kama filamu.

Taa nyekundu nayo haina usalama usio na kikomo. Kichujio kilichopauka huvujisha nuru isiyotakiwa, na balbu yenye nguvu nyingi au iliyo karibu mno huleta madhara polepole. Ushauri wa siku nyingi ni balbu ya wati 15 iliyo umbali wa mita 1.2 hivi. Wengi huipima kwa kuacha sarafu juu ya karatasi mpya, lakini kipimo hicho hudanganya, kwani mwanga kidogo unaweza kujilimbikiza ndani ya fuwele bila kufikia kiwango cha kuonekana. Inafaa karatasi ipewe kwanza mwanga mdogo wa mashine ya kukuzia, wa kuifanya iwe kijivu hafifu, ndipo sarafu iwekwe juu yake chini ya taa kwa dakika 5 au zaidi kabla ya kusafishwa. Umbo la sarafu likionekana, taa hiyo imekuwa ikitia weusi katika sehemu zilizopaswa kubaki nyeupe, na sharti isogezwe mbali, balbu ipunguzwe nguvu au kichujio kibadilishwe.