Je, wajua kwa nini sapoti moja (kiwango ambacho bei inayoshuka hutarajiwa kusimama) hushika na nyingine huvunjika?

Mstari uliouchora kwenye chati hauizuii bei. Kinachoizuia ni oda za kununua zilizokaa pale zikisubiri. Zikiliwa zote, bei inashuka ngazi inayofuata. Wanaozila ni wauzaji wa oda za soko, yaani wanaokubali bei iliyopo sasa hivi. Kusoma mtiririko wa oda ni kutazama mvutano huo unavyokwenda.

Kipimo chake kikuu ni delta: mikataba iliyonunuliwa kwa oda za soko, ukitoa iliyouzwa kwa oda za soko. Tuchukue mkataba wa E-mini S&P 500 wa Chicago (mkataba wa baadaye unaofuata fahirisi ya hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani), ambao bei yake husogea kwa robo pointi, na kila pointi ni dola 50. Tuseme bei ya chini ya jana ni 5,000. Bei inarudi pale, na ndani ya dakika moja mikataba 2,400 inauzwa kwa oda za soko huku 700 tu ikinunuliwa kwa oda hizo. Delta ni hasi 1,700, lakini bei imeishia 4,999.50. Wauzaji wametumia nguvu nyingi na hawajapata kitu: kuna mnunuzi anayewameza.

Usiingie bado. Mnunuzi huyo anaweza kutosheka au kuondoa oda zake, na hapo ndipo wengi huumia. Subiri mauzo yapungue, delta igeuke kuwa chanya na bei ipande nayo. Ukinunua 5,001.25 na kuweka oda ya kukata hasara 4,999, unahatarisha pointi 2.25, sawa na dola 112.50 kwa mkataba, au dola 11.25 kwenye mkataba mdogo wa Micro. Bei ikirudi chini ya 4,999.50, hoja yako imekufa. Toka.

Angalia pia mauzo makubwa yanayolipuka mara tu kiwango kinapovunjwa. Mara nyingi ni oda za kukata hasara za walionunua mapema, si wauzaji wapya. Zikiisha na bei ikarudi juu ya kiwango haraka, hiyo ni ishara nzuri ya kununua.

Oda zinazoonekana zikisubiri kwenye kitabu cha oda zisikupumbaze, maana hufutwa kwa sekunde. Navinder Sarao, aliyefanya biashara kutoka London, alikiri mahakamani Marekani mwaka 2016 kwamba aliweka oda kubwa bila nia ya kuzitimiza. Amini zaidi kilichokwisha kuuzwa na kununuliwa. Na takwimu za ajira za Marekani zikikaribia, saa 9:30 alasiri za Afrika Mashariki (saa 10:30 majira yao ya baridi), kaa pembeni: oda zinazosubiri huondolewa na kiwango chochote hupitwa kirahisi.

Kwa wa foreksi, yaani wanaobadilishana sarafu, jambo hili ni la lazima kulijua. Soko hilo halina ukumbi mmoja, na ujazo (kiasi cha biashara) unaouona kwenye programu ya MetaTrader kwa kawaida ni idadi ya mabadiliko ya bei tu. Delta ya EUR/USD (euro dhidi ya dola) isome kwenye mkataba wa euro wa Chicago, wenye euro 125,000. Bei zake hazilingani kamili na za broka wako, kwa kuwa zinabeba tofauti ya riba hadi siku ya mkataba kuisha. Hivyo pima umbali kutoka kwenye kiwango, usinakili namba.