Ukurugenzi wa kampuni Dodoma: yanayosemwa mtaani na yaliyomo kwenye sheria

Tangu wizara zihamie Dodoma na Mji wa Serikali uanze kujengwa pale Mtumba, kufungua kampuni limekuwa jambo la kila siku. Fundi anayetafuta kazi ya ukarabati, mama anayepikia semina, kijana anayesambaza karatasi na wino, wote wanapewa ushauri ule ule: tafuta kampuni, jisajili NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, ndipo uombe zabuni. Usajili wa kampuni unafanyika kwenye mtandao wa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na mara nyingi kijana wa steshenari ndiye anayekujazia kila kitu. Cheti kikitoka watu wanapongezana. Hakuna anayewaambia kwamba kuanzia siku hiyo watu wawili au watatu wamekuwa wakurugenzi, na kwamba Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, imewatwisha wajibu mzito. Badala yake, maneno yafuatayo ndiyo ninayoyasikia sana, kuanzia Majengo hadi Nzuguni.

"Kampuni ni yangu, kwa hiyo hela ni zangu."

Dhana hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Kampuni ikishasajiliwa ni mtu anayejitegemea mbele ya sheria. Msimamo huo ulithibitishwa mwaka 1897 na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo, katika kesi ya Salomon, na mahakama zetu zinaufuata hadi leo. Hela iliyoingia kwenye akaunti ya kampuni ni ya kampuni, hata kama wewe una hisa 99 kati ya 100.

Chukua mfano wa ndugu wawili wenye kampuni ya kukamua alizeti. Malipo ya mafuta yameingia Ijumaa. Jumamosi kaka mtu anatoa milioni nane akapaue nyumba yake Nala. Hakuna azimio la bodi wala mkataba, na kwenye vocha pameandikwa "matumizi". Wiki mbili baadaye wakulima waliokopesha alizeti yao wanakuja kudai, na akaunti haina kitu. Kaka anaona amechukua chake. Kisheria amechukua mali aliyokabidhiwa aitunze. Hawezi hata kujitetea kirahisi kwamba alijikopesha, maana sheria inabana sana mikopo ya kampuni kwa wakurugenzi wake. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wakija kukagua watauliza kama ile ilikuwa mshahara au gawio, kwa kuwa kila kimoja kina kodi yake. Mdogo mtu, akiwa mwanahisa, ana haki ya kwenda mahakamani kulalamika kwamba kampuni inaendeshwa kwa kumkandamiza. Na kampuni ikifika kufilisiwa, mfilisi ataziomba taarifa za benki na kuuliza ile milioni nane ilikwenda wapi.

Njia halali za kupata hela kutoka kwenye kampuni yako zipo: mshahara ulioidhinishwa, gawio linalotoka kwenye faida, au kurudishiwa fedha ulizoikopesha kampuni, mradi ulipoikopesha uliandika. Kupanga haya ni kazi ya kikao kimoja na wakili akisaidiana na mhasibu. Inaniuma kuona familia zinavunjika kwa jambo ambalo lingemalizwa na karatasi mbili.

"Mimi nimewekwa jina tu."

Kwa kawaida sheria inataka kampuni iwe na wakurugenzi wasiopungua wawili. Basi mwenye wazo anatafuta wa pili: mke, shemeji, mdogo wake aliyemaliza chuo. Anasaini, anatoa namba ya NIDA, anasahau.

Sheria haina nafasi ya mkurugenzi wa jina. Kila mkurugenzi anatakiwa kutenda kwa nia njema na kwa maslahi ya kampuni, kuwafikiria na wafanyakazi wake, kutumia mamlaka yake kwa lengo alilopewa, na kuwa mwangalifu. Uangalifu huo unapimwa kwanza kwa kile kinachotarajiwa kwa mtu yeyote mwenye busara aliyekaa kwenye kiti kile, kisha kwa ujuzi wako wewe mwenyewe. Kwa hiyo shemeji ambaye ni mhasibu kitaaluma atabanwa zaidi, maana akifungua vitabu ataelewa anachokiona. Kusema "sikuwa nahudhuria vikao" ni kukiri kwamba hukufanya kazi yako. Kodi nayo ina mkono wake hapa: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, deni la kampuni linaweza kuwafuata wanaoisimamia wao binafsi.

Upande wa pili wapo wanaojificha. Mwenye kampuni halisi hataki kuonekana, hivyo anaweka majina ya ndugu. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kampuni inatakiwa kuitajia BRELA mmiliki manufaa wake, yaani mtu wa mwisho anayeidhibiti au kufaidika nayo. Kumficha ni kosa.

Dada yangu, kaka yangu, ukiletewa fomu ya ukurugenzi usaini jikoni wakati chai inamiminwa, iache mezani kwanza. Omba kuona katiba ya kampuni, yaani kanuni zake za uendeshaji, akaunti zake na madeni yake. Kama uliwahi kusaini na sasa unataka kutoka, barua ya kujiuzulu peke yake haitoshi. Mabadiliko ya wakurugenzi yanatakiwa kumfikia Msajili wa makampuni pale BRELA ndani ya siku 14, na barua ikibaki kwenye droo ya mwenyekiti, jina lako linaendelea kuonekana kwenye daftari la Msajili.

"Imeandikwa Limited, nyumba yangu haiguswi."

Hapa kuna ukweli nusu. Mwanahisa hadaiwi zaidi ya thamani ya hisa ambazo hajazilipia. Lakini soma tena makaratasi ya mkopo. Benki nyingi zinaikopesha kampuni ndogo baada ya wakurugenzi kusaini dhamana binafsi, na mara nyingi juu ya hiyo kuna rehani ya nyumba. Ukishasaini dhamana umelitoa deni kwenye kampuni na kulileta nyumbani kwako. Ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Mwenzi naye aelezwe anachosaini, na ikiwezekana na wakili ambaye si wa benki. Zaidi ya hapo, kampuni ikithibitika kuwa iliendeshwa kwa nia ya kuwadhulumu wadai, mahakama inaweza kuwaamuru waliohusika walipe kutoka mifukoni mwao.

"Kampuni haijapata kazi, haidaiwi kitu."

Inadaiwa. Taarifa ya mwaka inapelekwa BRELA hata kama hujauza kalamu moja, na TRA nao wanahitaji ritani hata kama ni ya sifuri. Faini zinajikusanya kimya kimya, na Msajili ana mamlaka ya kuifuta kampuni kwenye daftari. Kama huihitaji tena, ifunge kwa utaratibu.

"Mihtasari ya vikao ni ya makampuni makubwa."

Benki inaomba azimio la bodi, kwa hiyo usiku huo huo linaandikwa lenye tarehe ya nyuma, ya mwezi wa tatu, na sahihi ya mtu aliyekuwa safarini Singida siku hiyo. Wenyewe wanaita kukamilisha makaratasi. Hiyo ni kughushi.

Muhtasari wa kweli wa kampuni ya watu watatu unaenea kwenye ukurasa mmoja: tarehe na mahali, nani amehudhuria, nini kimejadiliwa, kipi kimeamuliwa, nani amepinga na kwa nini, kisha sahihi. Sehemu inayorukwa sana ni kutangaza maslahi. Tuseme kampuni inatafuta lori la kubeba mahindi kutoka Kibaigwa na lori lililopo ni la mkurugenzi mmoja. Sheria haikatazi moja kwa moja lisikodiwe. Inamtaka mwenye lori aseme wazi mbele ya wenzake kwamba ni lake, na jambo hilo liandikwe kabla ya uamuzi. Katiba ya kampuni yenu inaweza pia kumzuia asipige kura. Sentensi mbili kwenye muhtasari zinamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa siku ya ugomvi atakuwa na pa kuonyesha.

"Mwenye hisa nyingi anaamua kila kitu."

Wanahisa wanaweza kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, wakifuata taratibu za notisi na kumpa nafasi ya kujieleza. Lakini akiondoka kwenye bodi hisa zake zinabaki zake, na wenye hisa chache wanaweza kulindwa na mahakama.

"Wakili ni wa kesi."

Hili linatugharimu sana. Watu wanakuja wakiwa na hati ya wito mkononi, na katiba ya kampuni iliyonakiliwa kutoka kampuni nyingine. Niliwahi kushika katiba ya kampuni ya usafi iliyojaa vifungu vya uchimbaji wa madini, na ndani yake hapakuwa na neno moja kuhusu nini kifanyike mwanahisa akifariki. Hapo warithi na wakurugenzi waliobaki hawana pa kuanzia.

Jambo moja lieleweke mapema: wakili wa kampuni anaitumikia kampuni. Wakurugenzi wakigombana, kila mmoja atafute wake, na wakili mwaminifu atawaambia hivyo mwenyewe. Kabla ya kumlipa, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama leseni yake ni hai. Ukienda kwake beba cheti cha usajili, katiba, taarifa za benki za mwaka mzima, mikataba yote ya mikopo na ripoti mpya ya kampuni yako kutoka BRELA. Hiyo ripoti isome wewe kwanza ukiwa nyumbani, uone ni majina ya nani yaliyoandikwa humo kama wakurugenzi, na kama wenyewe wanajua.